Magomeni wana karatasi, Bombo wana mashahidi

Nikimwambia mtu natoka Bombo, jibu ni lile lile: "Ahaa, Tanga, pale hospitali!" Hapana, wadau. Bombo ya Tanga mjini ni hospitali ya mkoa. Bombo yangu ni kata ya Wilaya ya Same, Upare Kusini, upande wa mashariki wa milima, ule unaotazama Mkomazi. Nasi hospitali tunayo, ya Walutheri, ila yenyewe inaitwa Gonja. Ukishayapanga hayo kichwani, hupotei tena.

Naanza na Bombo kwa sababu kisa cha Magomeni ninachotaka kuwasimulia kilikwamia huko, kwenye simu ya mzee wangu.

Mimi na kaka zangu wawili tulikuwa tunatafuta nyumba Dar. Mshahara wa mwandishi wa habari mnaujua, tarehe kumi na tano unasikika kwa mbali. Lakini watatu tukichanga, tukakopa kidogo, halafu tukauza kipande cha shamba la familia kule Bombo, tungeweza kufika. Dalali akatupeleka Magomeni. Nyumba ya Kiswahili hasa: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko na choo. Bati limekula kutu, ukuta umeanza kumeguka chini. Tukakunja sura. Dalali akacheka: "Bosi, hapa hununui nyumba, unanunua kiwanja. Hilo banda utalivunja."

Nikampigia mzee kumweleza. Hakuuliza bei. Aliuliza: "Mwanangu, mle ndani anakaa nani? Na majirani wanasemaje?"

Sikuwa na jibu. Kwa kuwa kazi yangu ni kuuliza maswali, niliona aibu. Ndipo nikaanza kuchimba: Magomeni ni nini, imekuwaje hadi ikawa ya kugombaniwa, na mtu anayenunua nyumba pale ananunua kitu gani hasa?

Hebu turudi nyuma.

Mji uliopangwa kwa aina ya jengo

Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891. Tangu mwanzo mipango yao ilitenga upande wa majengo ya mawe na upande wa nyumba za udongo na makuti. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Kambi ya wapagazi wao wa jeshi, Carrier Corps, ndiyo iliyotuachia jina la Kariakoo.

Miaka ya 1920 Waingereza wakaugawa mji katika kanda tatu. Ujanja wao ulikuwa hapa: maandishi hayakutaja rangi ya mtu, yalitaja aina ya jengo. Kanda ya kwanza, majengo ya Kizungu. Ya pili, majengo ya biashara na makazi ya watu wengi kwa pamoja. Ya tatu, nyumba za kienyeji. Ukimwambia Mwafrika wa wakati ule kwamba anaweza kukaa popote ilimradi ajenge kwa kiwango, umemwambia hawezi. Wananchi hawakudanganyika, waliyapa maeneo hayo majina yake halisi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Na uwanja wa Mnazi Mmoja ukabaki wazi katikati, kama uzio usio na waya.

Uswahilini mtu alijenga nyumba yake na kulipa kodi ya kiwanja. Nyumba ilikuwa yake. Ardhi iliyo chini yake ilikuwa ya serikali. Shikeni jambo hilo, tutalirudia.

Baada ya Vita ya Pili mji ukafumuka. Sensa ya 1948 ilihesabu watu wapatao 69,000 Dar es Salaam, na ile ya 1957 ikakuta zaidi ya 128,000. Kariakoo ilijaa, Ilala ikafuata. Serikali ikavuka bonde la Msimbazi na kufungua vitongoji vipya, Magomeni ikiwa mojawapo, kandokando ya Barabara ya Morogoro. Wakati ule Magomeni ilikuwa nje ya mji. Leo mtu wa Mbezi akipita pale na mwendokasi anahesabu kwamba kafika mjini.

Magomeni ilijengwa kwa njia mbili. Serikali ilijenga kota za kupangisha, na watu nao wakapata viwanja wakajijengea. Hao wa pili ndio waliotuachia ile nyumba ya vyumba sita. Tusiidharau. Ile nyumba ni kitega uchumi kilichobuniwa na watu wasiokopesheka. Unakaa chumba kimoja, unapangisha vitano, kodi inalisha watoto. Unajenga chumba kwa chumba, kadiri fedha inavyopatikana. Wanawake wengi wa Dar, wajane na walioachika, walisimama kwa miguu yao wenyewe kwa nyumba za namna hiyo. Mgeni kutoka Rufiji, Songea au Upare alishukia kwenye chumba, na baraza ikamfundisha mji.

Siasa nayo ilikaa kwenye mabaraza hayo. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954 pale Kariakoo, na mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere akaacha kazi ya ualimu Pugu. Nyumba ya Magomeni aliyoishi wakati wa kupigania uhuru imehifadhiwa mpaka leo kama makumbusho. Kaiangalieni siku moja. Si kasri. Ni nyumba ya mtu wa Magomeni.

Uhuru, Msajili na ardhi isiyo na bei

Baada ya uhuru mambo yakaenda kasi. Mwaka 1962 likaanzishwa Shirika la Nyumba la Taifa, likaanza kubomoa nyumba chakavu na kujenga mpya, Magomeni ikiwamo. Mwaka 1963 umiliki wa ardhi wa moja kwa moja, ule wa milele uliotoka kwa wakoloni, ukafutwa na kugeuzwa upangaji kutoka serikalini. Halafu Aprili 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000. Ndiyo yale yaliyoitwa majumba ya Msajili, ambayo mwaka 1990 yaliunganishwa na Shirika la Nyumba.

Wimbi hilo lilipiga zaidi Upanga na katikati ya mji. Nyumba za Uswahilini kwa wingi hazikufika hata karibu ya laki moja. Hivyo yule bibi wa Magomeni mwenye vyumba sita alibaki na nyumba yake, wakati tajiri wa mjini aligeuzwa mpangaji katika jengo alilolijenga mwenyewe.

Sasa turudi kwa yule dalali. "Hununui nyumba, unanunua kiwanja." Kwa muda mrefu kisheria ilikuwa kinyume chake kabisa. Ardhi tupu ilihesabiwa kuwa haina bei. Ulichoweza kuuza ni kile ulichokiweka juu yake: nyumba, miti, kisima. Ni Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995, kisha sheria mbili za 1999, Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5, ndizo zilizotamka kwamba ardhi ina thamani. Hata hivyo ardhi yote bado ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba yetu. Hati unayopewa ni haki ya kukalia kwa muda, miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo hata ukitoa mamilioni, udongo wenyewe hujaununua. Umenunua ahadi kwamba hutasumbuliwa mpaka tarehe fulani, mradi ulipe kodi ya ardhi na ufuate masharti.

Ahadi hiyo ina uzito gani? Magomeni penyewe pana majibu mawili.

Kota, na alama ya X

La kwanza ni Magomeni Kota. Familia 644 zilikuwa zikiishi katika zile kota, nyingine kwa zaidi ya kizazi kimoja. Wazazi walizaa pale, wakazika kutokea pale, wakaacha watoto kwenye vyumba vile vile. Lakini walikuwa wapangaji. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 wakatakiwa kutoka, nyumba zikabomolewa, eneo lijengwe upya. Likabaki wazi, miaka ikapita, nyasi zikaota. Waliotoka wakatawanyika kupanga huku na kule.

Mwaka 2016 Rais Magufuli alifika pale akaahidi kuwajengea, warudi na wakae miaka mitano bila kulipa kodi. Wakala wa Majengo akajenga maghorofa, na Machi 23, 2022 Rais Samia akayazindua. Wakazi wakarudi, wale walioishi kuyaona. Ikaja hoja nyingine: kwa nini wasiuziwe? Nayo ikakubaliwa, kwamba mpangaji awe mnunuzi. Hapo ndipo mjadala wa bei ulipoanza, na ni mjadala wa haki. Mtu aliyelipa kodi miaka arobaini kwa nyumba iliyokwisha kubomolewa anaanza kulipia upya kutoka sifuri. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo ndiyo inayowezesha mtu kuwa na hati ya fleti iliyo ghorofa ya saba. Lakini haina kifungu kinachosema miaka ya kukaa ina thamani gani.

Jibu la pili liko hatua chache tu, bondeni Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya arobaini jijini, na waathirika wengi wa mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Desemba 2015 yakaja matingatinga, nyumba zikapigwa X nyekundu na kuvunjwa. Walikuwamo watu walioonyesha karatasi: stakabadhi za kodi, bili za umeme. Kijiko hakisomi. Nawaambia wenzangu mnaotafuta nyumba maeneo haya: kabla ya kutazama tiles, tazameni mteremko. Muulizeni mzee wa mtaa maji ya 2011 yalifika wapi. Atawaonyesha ukutani kwa kidole.

Hapo nikaanza kumwelewa mzee. Magomeni nzima ni historia ya watu waliokuwa ndani na karatasi iliyokuwa mahali pengine.

Je, Bombo tuko salama zaidi?

Bombo hakuna anayekuonyesha hati. Ukiuliza shamba hili la nani, unaonyeshwa mstari wa masale kwenye mpaka, kaburi la babu chini ya migomba, na mtu mzima aliyekuwapo siku mpaka ulipowekwa. Maji ya mfereji yanakusanywa usiku kwenye ndiva, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu. Zamu yako ndiyo utambulisho wako. Ukiitwa kwenye msaragambo kuzibua mfereji usiende, unajiondoa mwenyewe kwenye orodha. Kumiliki kule ni kujulikana.

Watu hututania kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe apate nauli ya kufuatilia kesi ya kuku. Tunacheka nao. Lakini utani ule una mzizi. Kwa mtu ambaye hati yake ni mashahidi, kesi ndogo ya mpaka ni kesi ya kila kitu. Ukinyamaza leo kwa hatua moja ya ardhi, kesho shahidi wako kafa na ile hatua imekuwa ekari.

Mzizi huo ulionekana mwaka 1945. Wakoloni, kupitia watawala wa jadi, walileta kodi ya ngazi kwa ngazi juu ya kodi ya kichwa, wakaipa jina la mbiru, ushuru wa zamani wa jadi. Ili ujue mtu alipe kiasi gani, ilibidi mali yake ihesabiwe: mifugo, shamba, kahawa. Maelfu ya Wapare wakateremka milimani hadi Same, makao ya wilaya, wakapiga kambi kwa miezi. Wanawake nao wakaandamana Usangi. Mwanahistoria Isaria Kimambo, Mpare mwenyewe, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili. Kilichogomewa kilikuwa zaidi ya fedha. Watu walikataa mgeni aingie nyumbani kwao, akadirie maisha yao kwa macho, aandike namba. Mwishowe serikali ikaachana na kodi ile.

Sheria ya Vijiji ya 1999 iliuheshimu utaratibu huo kwa kiasi kikubwa. Hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na hati ya mjini, na inaweza kuwa haina ukomo wa miaka. Lakini huiuzi kama simu Kariakoo. Halmashauri ya kijiji lazima iridhie, na anayenunua awe mkazi wa kijiji au anayekusudia kuishi pale. Kaka zangu walipojua hilo walinuna. Mnunuzi waliyemtafuta alikuwa mfanyabiashara wa Dar ambaye Bombo angeijua kwa ramani.

Tusijisifu sana, lakini. Utaratibu wetu wa mashahidi una waliosahauliwa nao. Mabinti. Kwa mila, shamba hupita kwa wana wa kiume, na dada anayerudi kutoka kwenye ndoa iliyovunjika hupewa kona kwa hisani. Sheria ile ile ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Imesema hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Milimani, sheria hupanda kwa miguu.

Nilivyorudi Magomeni

Baada ya kusoma yote hayo nilirudi kwenye ile nyumba siku ya Jumanne, bila dalali. Nikakaa barazani kama mtu anayemsubiri mwenzake. Saa nzima haikuisha, nikawa nimepewa chai.

Aliyenipa chai ni bibi mmoja anayekaa chumba cha mwisho, karibu na uani. Nilidhani ni mpangaji. Kumbe ni binti wa aliyeijenga nyumba. Alizaliwa chumba cha pili kushoto. Amemuuguza baba yake mle, na mama yake pia. Wauzaji wanne tuliokutana nao walikuwa kaka zake wawili na watoto wa kaka yake marehemu. Habari ya kuuza nyumba alikuwa anaisikia kwangu, kikombe kikiwa mkononi.

Nikamuuliza kama mahakama iliteua msimamizi wa mirathi. Hajui. Nikaenda kuwauliza wauzaji. Wakaniambia hayo ni mambo ya kifamilia, wao ndio wanaume wa nyumba. Lugha hiyo nimeisikia Bombo, kwa lafudhi tofauti.

Ukinunua nyumba ya mirathi bila msimamizi aliyeteuliwa, umenunua kesi. Hata mtani anayecheka kesi yetu ya kuku analijua hilo. Tulijitoa. Kaka yangu mkubwa hakusema nami kwa wiki tatu, kwa sababu kwa mahesabu yake nyumba ile baada ya miaka kumi ingekuwa na bei maradufu. Huenda. Tangu mwendokasi uanze Mei 2016, kila aliye karibu na Barabara ya Morogoro anajiona tajiri mtarajiwa. Shamba la Bombo lipo pale pale, masale yake mpakani, na mzee hajasema "niliwaambia", ingawa najua kila akinipigia anatamani kusema.

Bibi amekwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi. Nilimsindikiza siku ya kwanza, kisha nikamwachia mjukuu wake, msichana wa chuo mwenye ulimi kuliko mimi. Kaka zake wamekasirika, lakini dalali haonekani tena mtaani.

Nami nilihitaji mahali pa kulala. Nikamuuliza kama ana chumba.

"Kipo kimoja, cha mbele. Ila mwanangu, kodi miezi sita."

Nikalipa. Nikamwomba aniandikie risiti. Akacheka sana, akasema tangu azaliwe mle ndani hajawahi kuandika risiti. Kisha akaenda kutafuta kalamu.